Dirisha la Saa Saba Usiku

Saa saba usiku, Kijitonyama.
Jenereta ya jirani inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena.
Naandika amri moja, naituma mbali,
na kivinjari kinafunguka pasipo kufunguka:
hakuna dirisha, hakuna mshale wa kipanya,
wala ukurasa wa kunimulika usoni.
Mistari ya kijani tu, inashuka
kama mtu anayehesabu punje za mchele kwa kunong'ona.

Humo gizani yumo mgonjwa.
Nimempa jina la baba: Elinaja Mkwizu,
miaka sabini na moja, Yombo Vituka,
kliniki ya macho.
Anafika mlangoni, anaingiza namba ya siri,
anachagua daktari, anachagua siku,
anabonyeza "Thibitisha", anafutwa.
Kisha anazaliwa upya na miaka yake ileile sabini na moja,
anabisha hodi tena.
Mara mia nne kabla ya adhana ya alfajiri.
Hajachoka hata siku moja. Hajasema kesho.

Baba wa nyama na mifupa ndiye husema kesho.
"Mtoto wa jicho naye ni mtoto," hutania,
"mwacheni akue."
Chai huimimina kwa kusikiliza:
sauti ya kikombe ikipanda, anaacha.
Miaka ishirini na sita aliuza tiketi stesheni ya Tazara,
nyuma ya tundu lisilozidi upana wa daftari.
Abiria wa Mbeya hawakumjua uso, walimjua vidole.
Mama mmoja wa Makambako alimwamkia sokoni
kwa kuitambua pete.

Juzi majaribio yakaanza kuanguka.
Mchana, nikiliacha dirisha wazi nitazame, yanapita yote.
Usiku, yakiwa peke yake, nyekundu.
Nikasema, ndiyo tabia ya kazi isiyo na shahidi.
Nikasema, labda dirisha lile ni jembamba,
kitufe kimesukumwa nje ya ukingo
(maana hata lisiloonekana lina upana na kimo chake;
kulijua hilo kulinila wiki nzima mwezi Machi).
Sivyo.

Nikaomba picha.
Mashine haina haja ya sura,
ila ukiiagiza, itapiga picha sekunde ile ya kuanguka.
Ikaja: fomu yetu, safi, jina la baba,
na chini yake, kwa herufi nyekundu:
"Siku uliyochagua imepita."

Nilikaa. Mbu akanywa alichotaka.

Kumbe ni saa.
Mashine inayojaribu iko ughaibuni,
saa tatu nyuma yetu.
Kwetu usiku wa manane umeshapinduka,
kwao bado jana haijafungwa;
basi inamchagulia mgonjwa "leo" ya kwao,
na mfumo wa Dar unamjibu kuwa siku hiyo tumeshaizika.
Dawa yake mstari mmoja:
jina la bara, kisha jina la jiji hili.
Kijani. Kijani. Kijani mpaka chini.

Sikulala.
Nikafungua ukurasa ule wanaoufungua watu,
wenye dirisha, wenye mwanga wa kuumiza macho,
nikaandika polepole, kwa kidole kimoja,
jina lilelile kwenye daftari la kweli,
ambamo mtu hafutwi akishathibitisha.

Jumanne baba alinuna toka Yombo hadi getini.
Alivaa koti la stesheni, kifungo cha juu hakipo.
Kwenye tundu la kioo aliinama
kama walivyomwinamia yeye miaka yote ile,
akapitisha kadi, kisha vidole, vikangoja.

Mhudumu hakuinua uso.
"Mzee, umeshawahi kuja hapa?"
"Hata siku moja," akasema baba.

Mimi nikatazama viatu vyangu.